Kitabu Nilichokikalia

Mimi ni mwalimu na sisomi vitabu. Haya, sasa mmejua.

Siku ya kufunga shule hapa Sigor, mwalimu mkuu alitaka kila mmoja wetu ataje kitabu alichokipenda muhula huu, na atakachosoma likizo. Mimi nilikuwa na kimoja tu, kitabu cha hadithi nilichopewa na Madam Chebet, tunayekaa naye meza moja, alipotoka kumzika binti yake.

"Soma, halafu tuongee," aliniambia.

Nilikikalia. Nilikuwa nangoja lori la majani chai, na nyasi zilikuwa zimelowa. Kukifungua, sikufungua. Lakini jaladani palikuwa na msichana kwa kitanda cha hospitali, anacheka, na huu mdomo wangu hauna breki.

Nikasimama na kikombe changu. "Kile cha Madam kilinigusa sana! Mtoto anaugua, watu wanakata tamaa, mwishowe anapona. Likizo nitakirudia."

Wakapiga makofi. Madam Chebet hakupiga.

"Mwalimu," akasema polepole, "huyo mtoto anazikwa ukurasa wa kwanza. Muhula mzima nimekungoja tuongee."