Filamu Iliyofungiwa kwa Maneno Yangu

Ipo siku moja ya msimu wa palizi ninayoikumbuka kila nikisikia watu wanacheka, mwanangu Neema. Wewe ni mjukuu wangu, na kwa desturi mimi na wewe tunataniana. Umeniita mume wako mbele za watu tangu ukiwa na meno mawili. Leo nakuita mwanangu ili ujue kwamba utani nimeuweka kando kidogo. Kidogo tu.

Nilikuwa kijana, mwalimu wa kisomo cha watu wazima katika kijiji chetu upande wa Mtinko, miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Nilikuwa na raba nyeupe na kiburi cha kuwatosha watu wawili. Mjini Singida kulikuwa na mfanyabiashara Mhindi, Mzee Jivan, mwenye duka la vitambaa na mashine ya sinema. Mara mojamoja alikuja vijijini. Alitundika shuka jeupe ndani ya ghala la kijiji, madirisha yakazibwa kwa magunia, na watu wakaingia mchana na vigoda vyao. Filamu zilikuwa za lugha za watu, kwa hiyo alihitaji mfasiri, na mfasiri nilikuwa mimi. Nilikaa gizani nyuma ya shuka na kipaza sauti, nikieleza kwa Kinyaturu yanayosemwa. Nikwambie ukweli, nusu yake nilikuwa natunga.

Siku hiyo Jivan alikuja na mkanda aliopewa na fundi wa visima, Mzungu aliyekuwa anarudi kwao, nchi ya mbali iliyotawaliwa na chama cha kikomunisti. Ilikuwa filamu ya kuchekesha juu ya maisha ya huko, na wakubwa wa huko walikuwa wameipiga marufuku. Jivan mwenyewe hakuijua lugha yake. Alinisimulia tu alichoambiwa na yule fundi: mkaguzi anazunguka mashamba ya pamoja, na katika kila zizi anaonyeshwa ng'ombe yuleyule mnene, anayepitishwa mlango wa nyuma.

"Eleza hayo tu," akaniambia. "Usiongeze chumvi, mwalimu. Nakujua wewe."

Ulimi hauna mfupa. Alipotokea mwenyekiti wa kule, bwana mnene mwenye kofia, nikampa sauti ya mwenyekiti wetu, Mzee Ntandu. Nikampa na kikohozi chake, maana Mzee Ntandu hakuweza kuanza kusema bila kukohoa mara mbili. Nikamfanya aseme, "Palilieni mistari mitatu ya barabarani, jamani. Mgeni hashuki kwenye gari." Kila aliyekuwa ghalani alijua kwamba hivyo ndivyo tulivyofanya wiki iliyopita, alipokuja mgeni kutazama shamba letu la mtama la ujamaa. Watu walicheka mpaka wakashikana. Mama yangu mzazi alidondoka kwenye kigoda. Niliambiwa baadaye kwamba Mzee Ntandu naye, aliyekaa mbele kabisa, alicheka na wenzake mpaka aliposikia kile kikohozi kwa mara ya tatu. Hapo akanyamaza.

Kwa bahati mbaya alikuwepo afisa mmoja kutoka mjini asiyejua Kinyaturu. Akauliza wanacheka nini, akaambiwa. Mashine ikazimwa palepale. Kesho yake ikatoka barua: filamu ile ni marufuku kwa kuudhihaki ujamaa, mkanda na mashine vishikiliwe, na Mzee Jivan afike ofisini kujieleza. Alikuwa hatarini kunyang'anywa kibali, asionyeshe tena sinema maisha yake.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Jivan alijua fika kwamba maneno yale hayakuwa ya filamu. Alihojiwa siku mbili, akasema tu kwamba lugha ile haijui. Jina langu hakulitaja. Nami nikajifungia nyumbani kwa mama, nikijiambia kwamba yeye ni mtu wa duka, atajikwamua. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Naona aibu hata sasa ninapokuandikia.

Siku ya tatu mama alininyima uji. "Nenda kwa Mzee Ntandu," akasema, "kisha urudi unywe."

Nilimkuta kwenye shamba la ujamaa, peke yake, anapalilia mstari wa tano.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akakohoa mara mbili, nami nikatamani ardhi inimeze. "Jembe jingine lile pale."

Tulipalilia mstari mzima. Mwishoni akaegemea mpini.

"Ulisema kweli," akasema. "Mistari mitatu. Kweli haijaniudhi, imenipa kazi tu, kama unavyoniona. Watani wangu hunivua kofia hata msibani, wakasema makubwa kuliko yale. Nami nawajibu, tunacheka, tunakula pamoja. Wewe umenitania nyuma ya shuka, kwa mdomo wa Mzungu. Nimjibu nani? Nilitazama pale mbele, nikaona kitambaa."

Nikainama kung'oa gugu nililolikosa.

"Na yule Mhindi," akaendelea, "anahojiwa kwa kikohozi changu na ulimi wako. Wenye mali tuko hapa tunapalilia. Unaona sawa?"

Nilimpakia Mzee Ntandu kwenye baiskeli mpaka Singida mjini. Ofisini nilisimama mbele ya yule afisa, nikasema, "Maneno yalikuwa yangu." Mzee Ntandu akakohoa mara mbili. "Na mistari mitatu ilikuwa yangu," akasema. "Kikohozi pia." Afisa alijaribu kukunja uso, akashindwa, mdomo ulikuwa unamcheza.

Jivan alirudishiwa mashine yake. Mimi nilisimamishwa kufundisha mpaka mavuno. Lakini ile barua haikufutwa, kwa sababu ilikwisha kupigwa mhuri, na mkanda ukabaki kabatini. Kwao ilifungiwa kwa maneno yake, kwetu ikafungiwa kwa maneno yangu. Mpaka leo sijui yule bwana mnene alisema nini hasa, na inaniuma kwamba niliwanyima watu nafasi ya kumsikia.

Pale nje Jivan hakunigombeza. Alifunga mashine kwenye gari lake, akasema, "Safari ijayo utasimama mbele, kando ya shuka. Nitakuwekea taa usoni. Ukitia chumvi, watu wauone mkono." Ndivyo nilivyofasiri miaka yote iliyofuata. Chumvi sikuacha kutia, na Mzee Ntandu alinijibu kutoka kwenye kigoda chake, watu wakacheka mara mbili.

Sasa nije kwako. Video yako ya kumwigiza yule mkubwa wa mtaa, uliyoitoa umevaa barakoa na kutumia jina la bandia, nimeiona. Nimecheka mpaka bibi yako akaja kuangalia kama nimepaliwa. Lakini watu wameutambua ukuta wa saluni ya Mama Rehema. Ndiye anayeitwa kujieleza, na saluni yake imefungwa tangu Jumanne, wakati wewe umejichimbia kwa shangazi yako kule Misigiri. Napajua hapo ulipojificha, mwanangu. Nami niliwahi kujificha hivyo hivyo.

Sikuambii uifute. Mkubwa asiyechekwa huota mapembe. Ila mcheke mtu uso wako ukionekana, naye apate wa kumjibu. Na mwingine akishikwa kwa neno lako, usingoje siku ya tatu kama mimi. Mficha uchi hazai.

Panda basi la asubuhi. Nitakuwa stendi na lile koti langu la kuendea ofisini, bibi yako ameshalipiga pasi. Wewe utasema maneno ni yako, na mimi nitasema mdomo huo umeurithi kwangu. Mungu akujalie ulimi wenye chumvi, mwanangu, na uso wa kusimama nao.

Uji usinywe huko. Bibi yako amesema utaukuta hapa, tukishatoka ofisini.