Meza ya Watu Wawili Malindi

Jamani, haya ninayowaambia hata binti yangu Sidi hayajui, na ndiye aliyenilipia safari yenyewe, kwa hivyo atakayeyafikisha kwake tutakosana. Ni aibu. Nimejaribu kuitafutia jina jingine nimeshindwa. Mtu mzima mimi, mama wa watu, nimesimamisha mkahawa mzima siku ya Jumapili mchana, watu wameacha kutafuna wakawa wananitazama.

Mnanijua, mimi ni fundi wa mapazia hapa Mtwapa. Nimeshonea hoteli nyingi, nimepanda ngazi zao na tepu shingoni, nimepima madirisha yao huku wageni wakila chini yangu, lakini kuketi nikaletewa chakula na mtu aliyevaa tai, hilo halikuwa limenifika. Marehemu mume wangu, Kazungu, kila Januari alikuwa akisema, "Mwende, mwaka huu tutakwenda Malindi, tukae kama wageni, tule kaa." Mwaka unakwisha, hatujaenda, anasema tena (na Malindi yenyewe si Ulaya, ni hapo tu), mpaka mauti yakamchukua, na huyo kaa hatujamla.

Sasa Sidi, anayefanya kazi Nairobi, akaona mamake ananyong'onyea. Akatukodia chumba Malindi, mimi na yeye, kwenye nyumba ndogo ya wageni karibu na bahari. Nikashona gauni jipya, nikanunua na mkanda wenye chuma kikubwa mbele, kama wanavyovaa wenzangu. Tumebakisha siku moja tuondoke, Sidi akanipigia analia: mkubwa wake amemnyima ruhusa. "Nenda tu, mama, ukapumzike." Nikaenda. Lakini niwaulize, mtu hupumzika na nani? Siku ya kwanza nilinunua viazi karai barabarani nikavila kitandani, mlango nimeufunga kama mwizi.

Siku ya pili nikajikaza, nikaingia mkahawa mmoja mjini. Msichana wa pale akaniuliza, "Uko mwenyewe, mama?" Nikamwambia ndiyo, mume wangu alifariki (sijui kwa nini nilimwambia, hata hakuwa ameniuliza). "Ai, pole," akasema, akanishika kiwiko taratibu kama mgonjwa, akanipeleka kwenye kijimeza kilichobanwa na mlango wa choo. Nikala samaki wangu pale, na kila anayekwenda haja ananiambia "samahani" na kila anayerudi ananiambia "samahani" huku anajipangusa mikono. Nikatoka nimeshiba samahani na pole, samaki mwenyewe simkumbuki.

Ndipo siku ya tatu, Jumapili, nikafanya uamuzi mdogo ulionifikisha kwenye aibu hii. Nilikwenda mkahawa mwingine, mkubwa, wa makuti, unaotazama bahari, wenye karatasi ya vyakula iliyoandikwa Kiitaliano mbele na Kiingereza nyuma. Mlangoni akanipokea mhudumu wa makamo, Salim, mtu wa Malindi hasa, Kiswahili chake kimenyooka hata mimi Mkamba wa Kibwezi nikaona haya kufungua kinywa.

"Karibu sana mama, starehe. Mko wangapi?"

Nikajiona tena pale chooni. Nikasema, "Wawili. Mume wangu yuko njiani."

Basi! Neno moja tu hilo, na dunia ikanifungukia. Nikapewa meza ya mbele kabisa, penye upepo, kitambaa cheupe chenye lesi pembeni, glasi nne, visu na uma wa kutosha watu sita. Salim akanivutia kiti. Akaniuliza kama kuna sherehe, maana ameona nimependeza, nami (ulimi, jamani, hauna mfupa) nikasema ndiyo, ni kumbukumbu ya ndoa yetu, na jina langu nikamtajia. Na haukuwa uongo wote, kwa sababu mwezi ule ndio tuliooana. Nikaagiza kaa wa nazi. "Wa watu wawili?" "Wa watu wawili."

Nikakaa. Nisiwafiche, robo saa ya kwanza ilikuwa tamu. Kiti kilichokuwa mbele yangu hakikuwa kitupu, kilikuwa cha mtu ambaye hajafika, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa, anayelala peke yake ananielewa. Mzungu mmoja mzee akaja kukiomba akiongeze kwenye meza ya wajukuu zake. Nikamwambia, "Kina mtu." Nikalisema kwa sauti, nikaona raha.

Lakini watu wakazidi kuingia, meza zikajaa, na Salim akawa anapita kila mara. "Bwana amefika wapi, mama?" Nikajifanya natazama simu, nikamwambia anatoka Mtwapa, amefika Kilifi. Akaenda. Akarudi. "Amefika wapi sasa?" Mimi macho yangu yako baharini, akili imekwenda zake, nikajibu, "Vipingo."

Salim akasimama. "Vipingo? Mama, si anatoka Mtwapa? Si ulisema ameshafika Kilifi?"

Nikaigeuza simu kifudifudi mezani. "Alisahau kitu, akarudi."

"Lahaula! Siku ya ndoa amesahau kitu," akasema Salim, akacheka kwa adabu. "Wanaume sisi. Bila shaka ni zawadi. Anaitwa nani, mama, nimwambie askari wa getini amlete moja kwa moja?"

Hapo ningeweza kusema jina lolote. Juma, Peter, lolote. Lakini nilikuwa sijalitamka jina lile kwa muda mrefu, maana nyumbani siku hizi anaitwa marehemu, hata Sidi humwita marehemu baba, na midomo yangu ikalitaka. Nikasema, "Kazungu."

Sasa nyinyi nyote ni watu wa huku, mniambie: kutoka Mtwapa mpaka Malindi kuna akina Kazungu wangapi?

Kungoja kukanichosha, mikono ikatafuta kazi. Ukiwa fundi ni hivyo, huwezi kuona pindo ukaliacha. Nikavuta pembe ya kitambaa cha meza mapajani nikawa nakagua ile lesi (ilishonwa vibaya, mshono umerukaruka), na sikujua kwamba wakati naiachia, lesi imenasa kwenye kile chuma cha mkanda wangu wa kimjini.

Ndipo nikasikia ngoma. Vijana watatu waimbaji wa pale, ambao walikuwa wakiwapigia Wazungu, wanakuja upande wangu huku wanaimba hongera, na mbele yao Salim, uso umemeta kama aliyeokota lulu, ananyoosha mkono: "Mama! Bwana Kazungu huyu hapa, amefika!"

Nitawaambia kilichonipata, na hapa sitanii. Nilisahau. Nilizika mimi, udongo niliutupa kwa mkono huu, nimekaa eda ya kwao Wagiriama na matanga yote, lakini jina lile liliposemwa na neno "amefika" likafuatia, mwili wangu ulitangulia kabla ya akili. Niliinuka. Nikasema, kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni, "Umekuja?"

Na nilipoinuka niliinuka na meza. Kitambaa kilinifuata, glasi zikafuata kitambaa, jagi la maji, maua, visu, vyote chini kwa mshindo mmoja, nami sikugeuka hata kutazama, nilikuwa nimeshamshika yule mtu mkono kwa mikono yangu miwili.

Alikuwa mwanamume mnene, mwenye upara, shati la maua. Kazungu wangu alikuwa mwembamba, nywele tele mpaka kufa kwake. Nikamtazama yule mtu, naye akanitazama, kitambaa kimening'inia kiunoni kwangu kama mkia, na wale vijana bado wanaimba.

"Mama," akasema pole pole, "nadhani kuna makosa. Mimi niliagiza meza tangu jana."

Mara nyuma yake akatokea mwanamke amevaa kitenge kizuri, viatu mkononi (visigino vilikuwa vinazama mchangani, ndiyo maana alichelewa). Akasimama akatazama ngoma, akatazama vioo vilivyovunjika, akatazama mikono yangu ilipo.

"Kazungu! Hongera ya nini hii? Na huyu aliyekushika ni nani?"

"Dama, wallahi simjui, nimeletwa tu!"

"Umeletwa! Mtu mzima analetwa!"

Salim, maskini, akitaka kusaidia, akamgeukia Dama kwa heshima zote: "Samahani dada, huyu bwana yuko na mkewe, leo ni siku ya ndoa yao."

"Mkewe ni mimi!"

Meza za nyuma wakasimama wapate kuona. Simu zikatolewa. Dama akaja mpaka usoni pangu, kiatu kimoja kimeinuliwa. "Dada, nakuuliza kwa uzuri. Mume wangu umemjulia wapi?"

Ningesema lolote likaaminika: kwamba nimemfananisha, kwamba jina limegongana. Nilifungua kinywa nikitafuta uongo mwingine na nikakuta umekwisha. Nikasema, "Wako simjui. Wangu alikufa. Nilidanganya kwamba anakuja ili nisiwekwe karibu na choo."

Waimbaji wakanyamaza mmoja mmoja, wa ngoma akawa wa mwisho kwa kuwa alikuwa ametupa mgongo, akapiga mapigo mawili matatu peke yake ndipo akageuka. Kiatu cha Dama kikashuka.

"Pole," akasema.

"Pole sana, mama," akasema Salim.

Mumewe Dama naye, "Pole." Meza ya pili pole, ya tatu pole, yule Mzungu mzee aliyenyimwa kiti naye, mkono kifuani, "Pole, mama, pole." Nilikuwa nimekimbia pole moja ya msichana mmoja, nikazikuta zimejaa mkahawa mzima zikinisubiri. Nilitaka kutoka mbio, lakini ukitaka kukimbia lazima kwanza ukatwe kutoka kwenye kitambaa cha meza, na Salim alikuwa amepiga magoti anahangaika na ile lesi, haifunguki, nami nimesimama mikono juu kama anayepimwa gauni.

Dama ndiye aliyefungua. Akainama, vidole vyake vikainasua mara moja. Kisha akauliza, kama vile hakuna aliyekuwa akitutazama, "Kazungu wako alikuwa mtu wa wapi?"

"Ganze."

"Ganze! Wa kina nani?"

Nikamwambia. Akamgeukia mumewe: "Wewe kaa meza ile pale." Naye akavuta kiti cha mbele yangu, akaketi.

Kaa wakaletwa, wakubwa, na nyundo ya kuwavunjia, na kwa kuwa wote wawili hatukuijua ile nyundo tulivunja kwa meno. Akaniuliza alikuwa akifanya kazi gani, nikamwambia seremala, aliyekuwa akipiga mluzi akipiga randa, na mluzi wenyewe hana hata wimbo mmoja aliokuwa akiujua mpaka mwisho. Akaniuliza alikuwa mkali? Nikamwambia hapana, mbishi tu. Watu wakiniambia pole huwa wanapita, wanaendelea na safari. Huyu aliuliza na akangoja jibu, na mimi nikasema, nikasema, mchuzi ukanikaukia vidoleni.

Tukiwa katikati Salim akanijia sikioni, sauti ya chini, hana raha. "Mama, nisamehe. Kuna keki. Tulishaiandika jina. Tuifanyeje?"

Nikamwambia ailete. Ilikuwa na maandishi ya rangi nyekundu: Hongera Kazungu na Mwende. Nikaikata mwenyewe nikagawa, kipande meza hii, kipande meza ile, mume wa Dama akapata "zu", yule Mzungu na wajukuu zake wakapata "ngu", na mimi nikakaa nikiangalia watu nisiowajua wakila jina la mume wangu huku wakinipungia mkono kwa uma.

Baadaye Dama akavaa viatu vyake, akanikumbatia, akashikana na mumewe wakaondoka. Walipofika getini mumewe akamwambia kitu, akacheka, akamgonga begani. Nikatazama mpaka hawaonekani. Kisha nikarudi chumbani kwangu, jua bado liko juu, vitanda viwili, kimoja hakijaguswa tangu tulipokikodi. Nikakaa kwenye kile changu. Sidi akapiga simu: "Mama, umekula nini leo?" Nikamwambia kaa. "Walikuwa watamu?" Nikamwambia watamu sana, wanangu wote wawe na maisha ya kula kaa (ninaye mmoja tu, akacheka).

Basi nimejiapiza, na nyinyi ndio mashahidi. Nikiulizwa tuko wangapi nitasema mmoja, na wakitaka kuniweka chooni wataniweka, nitakula. Lakini marehemu simwiti tena mbele za watu. Nikitaka kumwita namwita nyumbani, cherehani ikiwa imezimwa, mlango umefungwa, na sitazami mlangoni.