Amisa na Baraza la Waitikiaji

Mjini Kasongo, miaka ile misafara ya pembe za ndovu ilipokuwa ikipita kwenda Kabambare, aliishi mfinyanzi mmoja mjane, Amisa binti Yakubu. Liwali wa mtaa wake, Bwana Kassimu, alikuwa na baraza la washauri saba, na hakuna mji uliojaliwa washauri wepesi kama wale: walikuwa wamekwisha kukubali kabla Bwana hajafunga kinywa.

Siku moja Bwana Kassimu akataka soko lihame kilimani, lije bondeni mbele ya nyumba yake, apate kulitazama akiwa kitini. Washauri wakasifu. Mzee Faradji alisifu mpaka kikohozi kikamshika.

Amisa, aliyekuwa ameleta mitungi, akasimama mlangoni.

"Bwana, uniwie radhi. Bondeni ndipo ninapochimba udongo wangu. Mvua ikinyesha, maji yanalala pale siku tatu."

"Nani amemwalika huyu mama barazani?" Faradji akauliza.

"Hakuna, baba. Ndiyo maana ninasema kweli."

Akatolewa nje kwa heshima, yaani alisukumwa na watu wawili badala ya wanne.

Soko likahama. Juma la tatu mvua ikafunguka. Chumvi ikayeyuka mikononi mwa wenyewe, samaki wakavu wa Nyangwe wakarudi majini, na punda mweupe wa Bwana Kassimu akazama kwenye udongo hadi tumboni. Washauri wote saba wakaingia kumvuta. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza baraza lile kuufanyia mji.

Kesho yake wanawake walijitwika vikapu wakarudi kilimani bila kumwuliza mtu. Baraza likaketi upesi, likaamua soko lirudi kilimani, likampongeza Bwana kwa busara yake.

Bwana Kassimu hakuwa mjinga; baraza lake halikuwahi tu kumwambia hapana. Akamtuma mtu kwa Amisa.

"Mama, Bwana anataka ukae barazani."

"Nifanye nini? Waitikiaji iko saba tayari."

"Anasema ukae, umukatalie."

Amisa alicheka, kisha akaenda akaketi mkekani. Siku hiyo ya kwanza Bwana alitaka kujenga daraja njia ya Kabambare, pale mto unapopanuka, papendeze.

"Si hapo, Bwana," Amisa akasema. "Kingo zake ni mchanga mtupu. Panda juu, penye mwamba."

Faradji akatazama paa. Kisha Abedi, mshauri ambaye kwa miaka minne hakutamka ila ndiyo, akajikohoza.

"Mama anasema kweli. Hata mimi nilijua."

"Tangu lini?" Bwana akauliza.

"Tangu utotoni, Bwana. Kwetu ni palepale."

Bwana Kassimu akaagiza miti ipelekwe penye mwamba. Daraja likasimama mvua ile na nyingine nyingi. Watu wakaliita Daraja la Kassimu, na Faradji akaapa kwamba wazo lilikuwa lake. Amisa hakubishana, alikuwa na mitungi ya kuvusha.