Faili la Picha za Mama

Mtoto wa kaka yangu ni mpiga chapa. Ana meza, kompyuta na printa inayokohoa, kwenye kichumba kilichobanwa kati ya kinyozi na fundi viatu. Watu humletea barua za kuomba kazi, za kujitetea, hata za mapenzi. Kwa siri za watu, yule kaburi. Wote tunamwita Chapa.

Alipomkimbia mumewe alikuja kwangu na begi moja, mkono wa kushoto hauinuki vizuri. Na simu, aliyonunuliwa na huyohuyo mume. Mwanamume yule sikumpenda tangu siku ya posa. Anacheka meno tu, macho yako kwingine.

Soketi ya chumbani kwangu iliungua zamani. Nikamwambia, "Kachajie kazini." Kosa langu hilo, sijisamehe. Kila asubuhi akawa anachomeka simu kwenye kompyuta kwa waya. Siku moja likatokea kwenye kompyuta faili limeandikwa "picha za mama". Mama yake marehemu! Akalifungua. Picha hakuna.

Baadaye akachapa barua ya kudai talaka. Hata hajaitoa kwenye printa, ujumbe ukaingia kwenye simu: "Umekosea tarehe ya ndoa yetu."

Akaitazama tarehe. Kweli, alikosea.

Akaizima simu, akaiacha kwangu kabatini, akaenda kazini. Jioni akaiwasha. "Ile barua ya mzee wa mbuzi ndefu mno, mke wangu. Pumzika." Mzee wa mbuzi, mteja aliyetaka barua ya kudai mbuzi wake, alikuja mchana uleule. Simu ilikuwa chini ya nguo zangu!

Fundi kompyuta tuliyemwita akajikuna kichwa, tumesimama nje, mbali na kompyuta na simu. "Bibi, mdudu wa simu, programu ya kupeleleza, si kawaida yake kurukia kompyuta hivihivi. Lakini faili likipita kwenye waya na mtu akalifungua, kamkaribisha ndani mwenyewe."

"Mtoe basi!" Chapa analia.

"Mwache kwanza," nikasema.

Chapa alishapata kazi na chumba mji mwingine, maneno ya mdomo tu, hakuyachapa popote. Mume akijua ni wapi, amekwisha.

"Shangazi, nifanyeje?"

"Chapa barua. Sema unahamia nyumba ya nyuma ya tangi la maji, Jumatano saa nne asubuhi. Usiitoe kwenye printa, usimwambie mtu."

Jumatano saa tatu alipanda basi, bila simu. Kompyuta tuliiacha inawaka. Mimi nikakaa ndani ya ile nyumba ya nyuma ya tangi, na mwenye nyumba, na askari mwanamke wa kituo cha jirani, aje ashuhudie mwenyewe.

Saa nne kasoro, mlango ukagongwa polepole. "Mke wangu, fungua. Nimekuletea shali yako."

Nikafungua. Meno yakajificha.

"Shikamoo, shangazi."

Sikuitikia. "Nani kakuelekeza huku?"

Mkononi simu yake ilikuwa wazi, na ndani yake, kupitia kamera ya kompyuta ile, nikakiona kichumba cha Chapa: kiti kitupu, printa imefunikwa kitambaa, na mashine ya kinyozi ikinguruma kwa mbali.

"Kitazame sana hicho kiti," nikamwambia. "Mkeo hakikalii tena."