Sufuri ya Imla

Shule yetu ilikuwa na vyumba viwili vya madarasa, walimu wanne na watoto kumi na tisa. Ilikuwa nyuma kidogo ya Mbugani, mahali ambapo mvua zikikolea unavua viatu kabla hujafika getini. Ilikuwa shule ya serikali ya watoto wenye ulemavu. Nilipangiwa huko nikitokea Singida, miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, maduka ya Kyela yamejaa vitenge na sabuni kutoka Malawi, sisi hatuna chaki. Nilifundisha viziwi.

Kila mwanzo wa mwaka ofisi ya elimu ilituletea fomu ya takwimu, na fomu ile ilinichosha kuliko kufundisha. Ilitaka umri wa kila mtoto. Ukimuuliza mzazi anakwambia mtoto alizaliwa mwaka wa mafuriko. Mafuriko yepi, na kule maji huingia ndani karibu kila mwaka? Ilitaka aina ya ulemavu, na nafasi zilikuwa mbili tu: asiyeona na kiziwi. Mwenye mtindio wa ubongo nimwandike wapi? Mwalimu mkuu, mzee mpole aliyekaribia kustaafu, alikuwa na jibu moja.

"Jaza tu, mwalimu. Hawasomi."

"Kama hawasomi, wanazitaka za nini?"

"Za kupeleka mkoani."

Katika darasa langu alikuwamo msichana wa miaka kama kumi na mitatu, kiziwi tangu homa ya utotoni. Mama yake alikuwa akinunua mchele kwenye gulio la Ngonga, akiuvusha mpaka kuuza Malawi, kisha akirudi na vitenge. Alipomleta kwangu, mtoto hakujua hata jina lake linaandikwaje. Miaka mitatu baadaye alikuwa akisoma kila karatasi iliyopita mbele yake, hata gazeti lililofungiwa maandazi, na neno asilolijua alikuja kuniuliza kwa vidole, hata nikiwa nakula.

Basi ukaja mtihani wa darasa la nne. Msimamizi alitoka shule nyingine, nami kwa utaratibu nikatakiwa kukaa nje. Hesabu zilikwenda vizuri. Ikafuata imla. Kupitia dirishani nilimwona yule msimamizi akisoma sentensi huku akitembea, mara amewapa watoto mgongo, mara anaangalia ubao. Msichana aliandika tarehe, akapigia mstari kwa rula, akaweka kalamu sawa vidoleni na kumfuata yule mtu kwa macho mpaka alipokunja karatasi yake. Hesabu alipata zote. Imla, sufuri. Shule yetu ikawa ya mwisho wilayani.

Wiki mbili baadaye akaja afisa wa elimu kwa pikipiki. Alikuwa mgeni wa mkoa ule kama mimi, shati limepigwa pasi, faili kwapani.

"Mwalimu, shule yako inashusha wastani wa wilaya."

"Watoto wamesomewa imla, mzee. Ni viziwi."

"Mtihani ni mmoja kwa wote."

Nilimwomba asome imla yeye mwenyewe. Nikamwita yule msichana, nikamkalisha na daftari. Afisa akasoma: mama amekwenda shambani kuvuna mpunga. Msichana akamtazama. Afisa akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Akarudia tena, mpaka darasa la pili wakachungulia dirishani. Mimi nikasimama, nikaieleza sentensi ileile kwa mikono, mara moja. Msichana akainama akaandika yote bila kosa.

Afisa alilichukua lile daftari, akalisoma.

"Ana mwandiko mzuri," alisema. "Lakini hapa umemwonyesha majibu."

Nilimrudishia msichana daftari lake. Nilijua nikifungua mdomo nitapoteza kazi.

Mama mtu alikuja siku ya gulio, baada ya kusikia matokeo. Nilimsalimia kwa Kinyakyusa changu kibovu, "Ugonile," akaitikia, akakaa kwenye benchi na kutua mzigo wake.

"Mwalimu, wanasema mwanangu ameshindwa."

"Hajashindwa, mama. Ameulizwa kwa njia asiyoweza kuisikia."

"Sasa mwakani watamuuliza kwa njia gani?"

Nilimwambia itakuwa ileile. Akaniambia kuwa ng'ambo ya mpaka, karibu na kwa dada yake, kuna shule ya viziwi watupu, na walimu wa huko huongea kwa mikono hata kwenye mitihani. Alitaka kujua kama nitakasirika akimpeleka huko.

"Mpeleke," nikasema. "Mpeleke wiki hii."

"Ndaga, mwalimu." Akanishukuru hivyo mara mbili, na mimi nikaona aibu.

Msichana aliondoka. Fomu iliyofuata ikanitaka nieleze alikokwenda: mtoro, mimba, amefariki, au amehamia wilaya gani. Niliandika amehamia Malawi. Fomu ikarudishwa, imezungushiwa wino mwekundu. Nilikwenda mwenyewe ofisini kwa afisa.

"Malawi si wilaya," akasema. "Andika mtoro."

"Si mtoro. Yuko darasani sasa hivi."

"Darasani kwetu hayupo."

Nilikataa. Mwalimu mkuu aliandika mtoro kwa mkono wake, ili yaishe, akaniomba radhi. Tuliongea kwa shida muhula mzima.

Mwaka uliofuata imla ilikuja vilevile, safari hii kwa viziwi watatu. Sikukaa nje. Niliingia, nikamwambia msimamizi asome, naye akasoma, nikatafsiri kila sentensi kwa mikono, nikaandika kwenye ripoti yake kwamba nimefanya hivyo na kutia saini. Wawili walifaulu. Alama zao zilifutwa, nami nikaandikiwa barua ya onyo, yenye makosa mawili ya tahajia. Niliyasahihisha kwa kalamu nyekundu kabla ya kuiweka kwenye faili.