Fundi Mwashi Mbele ya Mlima wa Mchanga

Usiku ule sikupata hata lepe la usingizi. Dereva tuliyemkodi alituahidi kwamba upepo ukitulia atapiga simu kabla hakujapambazuka, twende jangwani. Usipotulia basi tena, maana likizo ya binti yetu ilikuwa inaisha. Nililala na simu kifuani. Mume wangu alijifanya amelala, lakini pumzi zake nazijua.

Ni fundi mwashi. Mtaa mzima unamwita Fundi, hata mimi. Mwaka jana alianguka kutoka jukwaa la ujenzi, mguu ukavunjika mahali pawili. Mfupa uliunga, ila tangu hapo ikawa chumbani na sebuleni, sebuleni na chumbani. Ukimgusia kazi anageukia ukutani. Safari hii binti yetu ndiye aliyeiwaza, na Fundi akakubali kwa kunyamaza tu. Niliogopa kwamba ikimpita hii, hatatoka tena.

Simu ililia saa kumi na moja.

Lami ilipokwisha, dereva alipunguza upepo kwenye matairi ili gari lisizame, tukaanza kuyumba juu ya mchanga. Alipozima injini nilibaki mdomo wazi. Mchanga ulikuwa umesimama mbele yetu, mrefu kuliko jengo lolote nililowahi kuliona, na ukingo wa juu kama umekatwa kwa kisu. Nyuma yake mwingine, na mwingine tena, hadi macho yakachoka. Nilijikuta navua viatu, kama anayeingia nyumbani kwa mtu.

Fundi hakushuka. Alisema mguu unamuuma, twende tu. Binti yake akamtania, "Baba, kumbe umekuja kulinda gari?" Hakucheka.

Tulipanda, hatua mbili mbele, moja nyuma, nami kila mara nageuka kutazama ule mlango wa gari uliofungwa. Karibu na kilele mchanga ukaporomoka chini ya nyayo zetu, ukanguruma, sauti nzito ikitoka ndani ya mlima wenyewe. Nilimshika binti yangu mkono.

Nilishuka na mchanga kidogo kwenye pindo la mtandio, nikampa Fundi dirishani. Aliusugua kiganjani, akauonja kwa ncha ya ulimi.

"Laini mno," akasema. "Hauna meno, haushikani. Ukijengea huu, ukuta unakulalia."

"Sasa mlima ule umesimamaje, baba watoto?"

Ndipo alipoinua macho. Aliutazama kuanzia chini hadi ukingoni, taratibu, vile anavyokagua ukuta kabla ya kupiga lipu. Nikaona kidole chake kinaufuata ule mstari hewani.

"Bila kamba," akasema kwa sauti ya chini. "Bila timazi. Na umenyooka hivyo."

Aliendelea kutazama. Kisha akashika fimbo yake ya kutembelea, na mlango wa gari ukafunguka.