Yoyote Haishoneki

Fundi cherehani wa mtaani kwetu, Mama Pindo, alipanda ngazi za chumba changu cha masomo akiwa bado na utepe wa kupimia shingoni. Nilidhani amekuja kuniambia suruali yangu iko tayari. Kumbe anataka kujifunza Kihispania, tena kwa wiki sita, na umri wake miaka sitini na mbili.

Mimi Kihispania nilikipatia kwenye dawati la mapokezi la hoteli, na wanafunzi wangu ni vijana wanaotafuta kazi hizo hizo. Watu wazima siwapendi sana darasani, wanabishana. Nikamuuliza Kihispania kina kazi gani kwake.

"Mjukuu wangu anakuja, mwalimu. Wa binti yangu aliyeolewa ng'ambo. Ana miaka saba na lugha yetu hajui hata neno. Nikipiga simu ananisikiliza kidogo, halafu huyoo, anakimbia. Atakaa siku kumi. Zikipita hivyo hivyo, basi tena, nitakuwa bibi wa kwenye picha."

"Si binti yako atawatafsiria?"

"Sitaki kumpenda mjukuu wangu kwa mkalimani."

Hapo alinimaliza. Tukaanza na mambo ya kupenda na kupendelea, maana mtoto humpati kwa salamu. ¿Te gusta? Unakipenda? ¿Cuál prefieres? Unapendelea kipi? Aliyashika upesi. Kisha nikamgeuzia swali: me gusta, napenda... nini?

Akanikazia macho kana kwamba nimemuuliza siri ya ndoa yake. "Chochote tu."

"Chochote si jibu, mama."

"Nifundishe kuuliza, mwalimu. Kujibu hakunihusu."

Mganga hajigangi. Dukani kwake, mteja asiyejua atakacho hutandaziwa vipande vitatu vya kitambaa, kisha Mama Pindo anagonga meza mara moja na kungoja. Ukimwambia rangi yoyote, anakurudisha nyumbani ukafikiri. "Yoyote haishoneki," ndiyo kauli yake. Lakini yeye mwenyewe huvaa vya kahawia na kijivu, vile ambavyo hakuna aliyevitaka. Alilea watoto watatu peke yake kwa cherehani ile, na mtu aliyezoea kujipakulia wa mwisho husahau kama naye ana hamu. Ilinipasa kumkazania. Nikaona haya, nikamfundisha kuuliza tu bila kujibu, na kosa hilo ni langu.

Wiki sita aliwatesa wateja. Mtu kaja kupunguza kiuno cha suruali, anaulizwa ¿te gusta? hadi anaitikia ili aachiwe aende zake.

Mtoto akafika. Siku ya tatu niliitwa dukani nikae karibu, "maneno yakinikimbia unikamatie." Binti yake alikuwa dirishani akifumua mshono. Mjukuu alining'inia mlangoni, mguu mmoja nje. Mama Pindo akatandaza vipande vitatu, akagonga meza.

"¿Cuál prefieres?"

Mtoto akageuka. Akasogea, akavigusa vyote, akarudi kwenye cha njano. "Prefiero este. ¡Me gusta mucho!" Anapendelea hiki, anakipenda sana. Akapanda kwenye stuli na hakushuka mpaka gauni likapata mikono. Bibi alishona huku machozi yakimtoka, anasingizia vumbi la kitambaa. Nami nilifurahi, sitaficha.

Gauni lilipoisha, mtoto akachakura kikapu cha mabaki. Akatoa kipande cha kahawia, cha kijivu na chekundu. Akavitandaza mezani, akagonga mara moja.

"¿Y a ti, abuela?" Na wewe je, bibi?

Mama Pindo akanitazama. Nikainamisha uso.

"Yoyote, mjukuu wangu," akasema kwa lugha yetu.

Mtoto hakuelewa. Akagonga tena, akangoja.

"Mama," binti yake akasema kutoka dirishani, "yoyote haishoneki."

Mkono wa fundi ukapita juu ya kahawia, ukapita juu ya kijivu, ukatua kwenye chekundu. "Me gusta," akasema polepole. Kisha akarudia, safari hii kwa sauti. Mtoto akapiga makofi.

Binti akaweka mshono chini. "Mama, kila mwaka nakutumia vitambaa vya kahawia. Nilijua ndivyo unavyovipenda."

"Nami nimevivaa vyote, mwanangu," akasema, na kile chekundu hakukiachia.